UZI: Kwa nini posho ya kilomita ya mbunge ni ngumu kukagua kuliko risiti ya hoteli?

#1 Mkagua Vocha

Wakuu, heshima kwenu. Naweka hoja mezani, mwenye tofauti aje na hesabu.

Kila yakizungumzwa matumizi ya wabunge na wawakilishi wa wadi, watu hukimbilia hoteli na tiketi za ndege. Mimi nasema hoteli ndiyo rahisi kukagua. Risiti ina jina la mfanyabiashara, namba ya mlipa kodi, tarehe na kiasi. Mkaguzi akitilia shaka anakwenda mapokezi, anaomba kitabu cha wageni, kazi imekwisha. Dai la kilomita halina mtu wa pili wa kuulizwa. Anayedai ndiye aliyesafiri, ndiye aliyejaza fomu, na ndiye anayethibitisha kwamba safari ilikuwa ya kazi.

Chukueni Kenya. Mombasa mpaka Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 480. Kwenda na kurudi, 960. Tuseme kiwango ni shilingi 100 kwa kilomita ili hesabu iwe nyepesi: 96,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 4,992,000. Hapo ni mbunge mmoja. Sasa niambieni, katika hiyo karibu milioni tano, ni karatasi gani inayoonyesha kwamba gari lilipita Voi, mji ulio njiani?

#2 Kadogo wa Kisauni

Umegusa penyewe. Ongeza hii: gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita linahitaji lita 96 kwa safari nzima. Tuseme lita ni shilingi 180, jumla 17,280. Zinabaki 78,720 kila wiki. Huo ni mshahara mwingine kabisa.

#3 Fundi Hesabu

Kadogo, hapo umehesabu petroli peke yake. Viwango vya AA ya Kenya (chama cha wenye magari), ambavyo ndivyo msingi wa madai haya, hupanda kulingana na ukubwa wa injini, na ndani yake mna tairi, oili, matengenezo, bima na kuchakaa kwa gari. Kilomita 960 kila wiki ni karibu 50,000 kwa mwaka. Ukifanya sevisi kila kilomita 5,000, ni sevisi kumi, na tairi zitakuwa zimeomba kupumzika. Gari la namna hiyo baada ya miaka miwili bei yake sokoni imeanguka vibaya. Kwa hiyo hizo 78,720 zote huwezi kuziita faida.

Tatizo ninaloliona mimi liko kwenye "wiki 52". Bunge lina likizo. Wiki ambayo hakuna kikao Nairobi, safari ya nini?

#4 Mkagua Vocha

Fundi, nakubali kuhusu tairi. Ila kumbuka mwaka 2013 wabunge wa Kenya walipewa ruzuku ya shilingi milioni 5 kila mmoja ya kununulia gari. Mwajiri akishakununulia gari, kisha akakulipa kwa kilomita kiwango ambacho bima na uchakavu vimo ndani, amelipia chombo kimoja mara mbili. Kiwango kingepaswa kugawanywa: gharama za kumiliki gari (uchakavu, bima) upande mmoja, na gharama za kulitembeza (mafuta, oili, tairi) upande mwingine. Aliyenunuliwa gari alipwe za kulitembeza tu.

Na kuhusu likizo, watajibu kwamba mbunge huenda Nairobi kwa kamati pia. Basi kadi ya mahudhurio ya kamati iambatishwe.

#5 Binti Ihumwa

Huku kwetu Tanzania shida haikuwa kilomita sana, ni posho ya kikao. Mwaka 2011 ilipandishwa mpaka 330,000 kwa siku kutoka 70,000, sababu ikatajwa kuwa gharama za maisha Dodoma. Posho ya kikao haina risiti kabisa. Unasaini karatasi ya mahudhurio, unalipwa. Ukikaa dakika ishirini ukatoka kwenda mgahawani, saini haijui.

#6 Mzee Hansadi

Binti, hapo umechanganya. Iliyopanda kutoka 70,000 ni posho ya kikao, nayo ilifika 200,000. Hiyo 330,000 ni jumla ukiweka posho ya kujikimu 80,000 na usafiri 50,000. Tofauti ina maana kwa mkaguzi, kwa sababu posho ya kujikimu inafidia kulala nje ya kituo, ya usafiri inafidia kusafiri, lakini ya kikao inamlipa mtu kwa kufanya kazi ambayo tayari analipwa mshahara. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya mbunge Zitto Kabwe mwaka ule alipoandika asilipwe posho ya vikao.

#7 Msomaji Leicester

Habari zenu. Nimesoma hoja ya #1 na nina mashaka nayo. Uingereza walikuwa na risiti, na bado waliibiwa.

Kashfa ya 2009 ilihusu hasa posho ya nyumba ya pili. Mbunge wa jimbo la mbali aliruhusiwa kudai gharama za makazi, ukomo ukiwa pauni elfu ishirini na nne na kitu kwa mwaka. Kwa miaka mingi kitu chochote chini ya pauni 250 hakikuhitaji risiti. Ukomo huo ulishushwa hadi 25 mwaka 2008. Chakula kilidaiwa mpaka pauni 400 kwa mwezi bila karatasi. Ofisi ya malipo nayo ilikuwa na orodha ya bei za duka moja kubwa la samani ili kupima kama dai la kochi au jokofu ni la kiasi, na wabunge wenyewe hawakuonyeshwa orodha hiyo.

Ujanja mkubwa haukuwa kwenye risiti hata moja. Mbunge alikuwa anabadilisha tu ni nyumba ipi "ya pili". Anaikarabati ya London kwa fedha za umma, kisha anaandika barua kwamba sasa ya pili ni ile ya jimboni, anaikarabati nayo. Risiti zote halali, fundi yupo, rangi imepakwa kweli.

Bunge lilipotoa rasmi nyaraka tarehe 18 Juni 2009 anwani zilikuwa zimefutwa kwa wino mweusi. Bila anwani hakuna ambaye angegundua mchezo huo. Umejulikana kwa sababu Daily Telegraph walishapata faili nzima na kuanza kuchapisha tarehe 8 Mei. Kwa hiyo jibu langu kwa #1: kinachofichua ni kuona dai zima pamoja na historia yake. Risiti peke yake haitoshi.

#8 Nyasi Kavu

Msomaji, ndio huko mbunge alijengewa nyumba ya bata kwa kodi za watu?

#9 Mzee Hansadi

Nyasi Kavu, dai la nyumba ya bata la Sir Peter Viggers, pauni 1,645, liliwasilishwa lakini ofisi ya malipo ilikataa kulilipa. Wengi wanalisimulia kama lililipwa. Ukilitazama vizuri, ni ushahidi kwamba kichujio kilifanya kazi kwenye kitu cha kuchekesha, kikashindwa kwenye mikopo ya nyumba. Wabunge Elliot Morley na David Chaytor walidai riba ya mikopo iliyokuwa imeshalipwa ikaisha. Taarifa ya benki ya mwezi mmoja ingetosha kuwakamata.

#10 Nyasi Kavu

Mzee wewe unaishi ndani ya maktaba. Shukrani.

#11 Wakili wa Kijiweni

Naona mnazunguka mbuyu. Risiti, logi (daftari la safari za gari), anwani, hayo ni matawi. Shina ni moja: nani anapanga kiwango?

Kenya iliandika kwenye Katiba ya 2010, kifungu 230, kwamba mishahara na marupurupu ya maofisa wa dola yapangwe na Tume ya Mishahara, SRC. Tume ya Huduma za Bunge imepewa na kifungu 127 kazi ya kutoa huduma na vifaa vya kuliwezesha Bunge. Sasa angalieni ilivyokuwa. Tume ya Huduma za Bunge ikawalipa wabunge posho ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi, ikajitetea kwamba ni uwezeshaji tu. SRC na wanaharakati wakaenda mahakamani. Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaamua malipo yale yalikuwa kinyume cha Katiba na kuamuru Karani wa Bunge azirudishe, takriban shilingi bilioni 2.7, kwa kuwakata wabunge ndani ya miezi 12.

Katika kesi hiyo hakuna risiti ya uongo hata moja. Kila vocha ilisainiwa, kila shilingi iliingia akaunti ya aliyetajwa. Mkaguzi wa vocha angepita pale akaweka tiki zote.

#12 Omukwano

Wakili yuko sahihi, na Uganda ni mfano wa karibu. Mei 2022 Kamisheni ya Bunge ilikaa ikawapangia wajumbe wake wenyewe wanne "zawadi ya utumishi": shilingi milioni 500 kwa Mathias Mpuuga, aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani, na milioni 400 kwa kila mmoja wa wale watatu. Jumla bilioni 1.7 za Uganda. Watu waliyajua mapema 2024 pale nyaraka zilipoanza kumwagwa mitandaoni. Na hebu oneni aliyekuwa mezani: kiongozi wa upinzani, ambaye kazi yake ni kuuliza.

#13 Fundi Hesabu

Ndiyo Wakili, lakini hata SRC ikipanga kiwango kizuri, bado kuna mtu atadai safari ambayo hakusafiri. Tusiiache hoja ya #1. Hivi ndivyo dai la kilomita linavyochezewa, na jinsi ya kulikamata:

Umbali unaongezwa. Fomu inasema kutoka nyumbani shambani badala ya ofisi ya jimbo. Dawa yake ni jedwali moja la umbali kwa kila jimbo, linalopimwa na idara ya barabara, mbunge asiandike kilomita kabisa.

Safari mbili juu ya moja. Alipanda ndege kwa tiketi iliyolipwa na Bunge, na wiki hiyo hiyo akadai kilomita. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote: linganisha orodha ya tiketi za wakala wa safari na madai ya kilomita kwa tarehe. Cha ajabu, mara nyingi zinalipwa na madawati mawili yasiyosemezana, moja linashughulikia tiketi, jingine posho.

Gari moja, wadai watatu. Wawakilishi wa wadi watatu wanapanda gari la mmoja, wote wanadai. Hapa fomu lazima iwe na namba ya gari na majina ya abiria. Ukipanga madai kwa namba ya gari, yanajitokeza yenyewe.

Gari lililokuwa gereji. Kila gereji inayojiheshimu huandika kilomita za kwenye dashibodi siku gari linaingia. Kama Machi dashibodi ilisoma 61,000 na Septemba 66,000, na katikati kuna madai ya kilomita 24,000, huhitaji shahidi mwingine.

Kwa hiyo mtu wa pili wa kuulizwa yupo, Mkagua Vocha. Ni dashibodi. Ila fomu nyingi hazina hata safu ya kuandika kilomita za kuanzia na za kumalizia.

#14 Kadogo wa Kisauni

Na zile zenye safu? Logi ya mwezi mzima imejazwa siku moja. Kalamu ile ile, mkono ule ule, hakuna hata doa la mafuta kwenye karatasi. Kilomita zote zinaishia na sifuri.

#15 Fundi Hesabu

Kadogo leo umekuja na jicho la mkaguzi. Hiyo ya sifuri ni kipimo halisi: namba za dashibodi za kweli huishia na tarakimu yoyote. Ukikuta robo tatu ya mistari inaishia 0 au 5, anza hapo.

#16 Binti Ihumwa

Niulize kwa nia njema: gharama ya ukaguzi wote huo itazidi fedha inayookolewa? Ujerumani wabunge wa taifa wanalipwa kiasi kimoja cha gharama za kazi kila mwezi, zaidi ya euro 5,000, bila risiti. Bunge la Ulaya nalo lina posho ya ofisi ya namna hiyo. Wanasema ni nafuu kulipa wote sawa kuliko kuajiri makarani wa kuhesabu stempu.

#17 Msomaji Leicester

Ni nafuu kuendesha, lakini anayelipa hajui alilipia nini. Waandishi wa habari waliomba nyaraka za matumizi ya wabunge wa Ulaya, wakanyimwa, wakaenda mahakamani, na Septemba 2018 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ya ngazi ya kwanza ikakubaliana na Bunge. Hilo nalilaumu waziwazi. Kiasi kimoja kwa wote kinakubalika pale tu kazi inapofanana. Mbunge wa Langata, hapo hapo Nairobi, na mbunge wa Mandera, kule mpakani, hawana kazi moja ya usafiri.

Na tazama upande wa pili. Bunge la Scotland huchapisha madai. Waziri Michael Matheson alirudi kutoka likizo Morocco na bili ya intaneti ya kishikwambi cha Bunge ya pauni 10,935.74. Bunge lilikuwa tayari limelipa: 3,000 kutoka fungu la ofisi yake, nyingine kutoka fungu la Bunge. Habari ilipotoka Novemba 2023 akaahidi kulipa zote. Februari 2024 alijiuzulu uwaziri, na Mei akasimamishwa vikao kwa siku 27 na kunyimwa mshahara wa siku 54. Bili moja. Chini ya mfumo wa kiasi kimoja kwa wote, bili hiyo isingeonekana na mtu yeyote nje ya ofisi ya malipo.

#18 Wakili wa Kijiweni

Kunyimwa mshahara, hapo ndipo nataka tufike. Sheria za kurejesha zipo hata kwetu. Kanuni za fedha za umma za Kenya za 2015, kanuni ya 93, zinataka masurufu (fedha unazopewa kabla ya safari ya kazi) yarejeshwe au yatolewe hesabu ndani ya siku saba za kazi baada ya mtu kurudi kituoni. Asiporejesha, akatwe mshahara kiasi chote pamoja na riba. Tanzania ni siku 14. Kifungu 226(5) cha Katiba ya Kenya kinasema ofisa aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria anawajibika binafsi kwa hasara, awe amebaki ofisini au ameondoka.

Kinachokwamisha: anayepaswa kumkata mbunge ni karani ambaye bajeti ya ofisi yake inapitishwa na mbunge huyo huyo. Na masurufu mapya yanatolewa ya zamani yakiwa hayajarejeshwa, jambo ambalo kanuni hiyo hiyo inakataza. Ukiona hoja ya ukaguzi inasema "masurufu ambayo hayajarejeshwa" miaka mitatu mfululizo kwa tarakimu zinazopanda, tatizo limeshatoka kwa msafiri limehamia kwa mlipaji.

#19 Mzee Hansadi

Kwa wasiojua pa kutazama. Kenya, ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti kuhusu kaunti zina jedwali la posho za vikao za wawakilishi wa wadi: jumla iliyolipwa, idadi ya wawakilishi, na wastani wa kila mmoja kwa mwezi, kando yake ukomo wa SRC. Ukomo wa mwanzo ulikuwa 124,800, baadaye 80,000. Angalizo: wastani huficha. Wenyeviti wa kamati wanaweza kuwa juu sana na wengine chini, na kaunti ikaonekana safi.

Tanzania, ripoti za CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) hufika kwa Rais mwisho wa Machi na kuwekwa mezani Bungeni mkutano wa Aprili. Za halmashauri zina kitabu chake. Msitafute neno "wabunge" humo, tafuteni "masurufu", "posho" na "malipo yasiyo na viambatisho".

#20 Nyasi Kavu

Na mimi raia wa kawaida wa Nakuru nikitaka madai ya mwakilishi wangu tu, nifanye nini? Maana ripoti zinanipa kaunti nzima.

#21 Wakili wa Kijiweni

Andika barua kwa Karani wa bunge la kaunti kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kiswahili kinaruhusiwa kisheria, wasikubabaishe. Huna haja ya kueleza sababu. Taja mtu kwa cheo chake, kipindi (miezi mitatu, usiombe miaka mitano, watasema ni mzigo), na aina ya nyaraka. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wana siku 21, wanaweza kujiongezea mara moja siku zisizozidi 14. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi, unalipia nakala tu. Wakikataa, unapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka huo huo wa 2016, muda ni siku 30.

#22 Msomaji Leicester

Nyasi Kavu, andika "nakala za fomu za madai na viambatisho vyake". Usiandike "taarifa za madai", kwa sababu watakutumia jedwali walilochapa wenyewe. Taasisi mpya iliyoundwa Uingereza baada ya kashfa, IPSA, ilikataa kutoa risiti zenyewe, ikisema maelezo yake yote yameshanakiliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ikasema hapana: nembo, mwandiko na mpangilio wa karatasi navyo ni taarifa.

#23 Kadogo wa Kisauni

Hapo hapo nakwama kidogo. Gari la mbunge ni lake binafsi. Logi iko kwenye gari lake. Bunge likisema hatuna hiyo karatasi, sheria itanisaidia nini?

#24 Fundi Hesabu

Ndiyo maana nasema safu ya dashibodi iwe kwenye fomu ya dai, kiambatisho chochote kisitegemewe. Fomu inabaki ofisini.

#25 Mkagua Vocha

Kadogo, omba na fomu tupu yenyewe, toleo linalotumika sasa. Kama haina safu ya kilomita za kuanzia na kumalizia, namba ya gari na majina ya abiria, iweke hapa tuione. Mwenye ya bunge la kaunti yake aweke pia, nitazipanga kwenye jedwali moja: ipi inauliza nini na ipi haiulizi.

#26 Wakili wa Kijiweni

Nipo kwa hilo. Ila bado sijakubali kwamba fomu ndiyo shina.